Mti Uliotoka Mstarini

Torgeir Skarstein alibisha hodi Alhamisi adhuhuri, akavua viatu kizingitini kama wafanyavyo watu wote wa Myrvik, akaingia jikoni kwa Oddlaug akiwa na soksi iliyotoboka kidole gumba. Oddlaug aliliona tundu lile kabla hajamtazama mwenyewe usoni. Alimmiminia kahawa, akamsogezea mkate mwembamba uliopakwa siagi na kunyunyizwa sukari, kisha akaketi, akaifumbata mikono yake juu ya meza, akangoja. Alilijua lililomleta.

“Jumamosi hii ndiyo siku, dada,” alisema Torgeir. “Watu ishirini na watatu wamejiandikisha. Wanane wanatoka mjini. Wamenunua mpaka glavu mpya.”

“Glavu mpya hazing'oi kitu.”

“Hazing'oi, lakini zinatoka vizuri kwenye picha.”

Oddlaug hakucheka, ingawa pembe moja ya mdomo wake ilitikisika kidogo.

Msaragambo wa Myrvik hauna mshahara wala amri. Hakuna anayelazimishwa kwenda, na hakuna asiyetambulikana asipokwenda. Kwa miaka minne mfululizo, kila mwanzo wa Septemba, ndege wakiisha kulea makinda yao na maua yakiisha kumwaga mbegu, wanakijiji walipanda Kvamsete, malisho ya juu ambako hapo zamani kila nyumba ilipeleka ng'ombe wake wakati wa kiangazi. Walifyeka nyasi kwa miundu mirefu, wakazikusanya kwa reki, wakang'oa miche, wakakata misonobari mikubwa. Misonobari ile haikuwa ya huko. Ililetwa na binadamu, ikashamiri, ikameza malisho kipande kwa kipande. Wenye viwanja wote walikwisha kukubali isipokuwa mmoja. Kiwanja kilichobaki kilikuwa cha Oddlaug, na ukingoni mwake ilisimama miti arobaini iliyoitwa Msitu wa Shule.

“Ikateni,” alisema Oddlaug. “Nimewazuia lini? Nimesema mniachie mmoja tu.”

“Ule uliotoka mstarini.”

“Huohuo.”

Torgeir alikizungusha kikombe chake juu ya kitambaa cha meza. “Dada, ingekuwa hiari yangu, ningekuachia thelathini na tisa, nikaukata huo mmoja. Uko ukingoni kabisa, upepo wa magharibi unaupiga wazi. Mbegu zinazoshuka kwenye uwanja wa nyasi wa marehemu mama yako zinatoka humo. Tunang'oa miche, mwaka wa pili imerudi. Tunapiga deki na bati linavuja.”

“Basi pigeni deki.”

“Haya.” Hakuudhika. Alikuwa dereva wa basi kwa miaka thelathini na mitano, naye alikwisha kuzoea kungoja watu. “Usipotaka, hatuugusi. Desturi unaijua. Ukipika uji, tumeelewa. Usipopika, tumeelewa vilevile.”

Desturi yenyewe ilikuwa hivi: mwenye kiwanja ndiye anayewapikia wafanyakazi uji wa malai chachu, pale pale mlimani. Uji ukiisha kuliwa, kazi yote iliyoombwa imeruhusiwa, wala hapana karatasi ya kutiwa saini. Mwenye kiwanja asipokoka moto, watu hula mikate mikavu waliyoibeba mifukoni, hufanya kazi ndogondogo, hushuka, na hakuna amwulizaye neno. Mara nne Oddlaug alipanda Kvamsete pamoja na wenzake, na mara nne hakukoka moto.

Torgeir alipokwisha kuondoka, Oddlaug alikisuuza kikombe cha mgeni, akakifuta, akakirudisha rafuni, akabaki amesimama akiutazama mlima kwa dirishani mpaka ukungu ulipoufunika.

Miche ya Msitu wa Shule ilipopandwa, yeye alikuwa na umri wa miaka tisa, na Leidulv, kaka yake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku hizo shule zote za pwani ile zilipewa miche bure, na watu wazima waliamini kwa dhati kwamba mlima usio na msitu ni mlima uliozembewa. Mwalimu Skarstein, babake Torgeir, aliwapandisha wanafunzi Kvamsete asubuhi moja ya mwezi wa Mei, wakibeba masanduku yaliyofunikwa magunia mabichi. “Leo mnauvika mlima nguo,” aliwaambia, nao wakaona fahari, kwa kuwa wao wenyewe nguo zao zilikuwa za kurithiana. Kila mtoto alipewa jembe dogo na mstari wake. Mwalimu alifuata nyuma na fimbo ya kupimia: kutoka mche hadi mche hatua mbili, na mstari unyooke.

Leidulv alipofika kwenye mche wake wa mwisho, alilinyanyua jembe, kisha akalishusha polepole bila ya kuligusisha ardhi. Mbele ya miguu yake, katika kichuguu cha nyasi, alilala sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, juu ya mayai yake. Hakuruka. Alimtazama tu kwa jicho moja. Leidulv alisogea hatua tatu pembeni, akauchimbia mche wake huko, nje kabisa ya mstari, kisha akasimama akimkinga ndege yule kwa kivuli chake mwenyewe ili wavulana wengine wasimwone.

“Leidulv!” aliita mwalimu. “Mstari wako umelewa?”

“Mstari ni mzima, Mwalimu. Mlevi ni mimi.”

Alichapwa mbili viganjani. Angeweza kusema, hakusema, kwa sababu wavulana wa Myrvik walikuwa wakiyachukua mayai ya sululu na kuyatoboa wapate maganda. Oddlaug pekee, aliyekuwa akipanda mstari wa jirani, aliyaona yote. Jioni ile, wakishuka, kaka yake alimwonyesha viganja vilivyovimba, akamwambia, “Ukisema nitakutupa ghubani.” Hakusema. Hakupata kumwambia mtu yeyote, hata mama yao.

Akiwa na miaka kumi na saba, Leidulv alipata kazi melini. Zilikuja kadi: ya bandari hii, ya bandari ile, zenye stempu ambazo Oddlaug alizibandua kwa mvuke wa birika. Mwaka wa nne ikaja kadi yenye picha ya uwanja wa mji mmoja wa Amerika ya Kusini. Aliandika kwamba ameshuka melini, amepata kazi nchi kavu, chakula ni kizuri, jua ni kali. Na chini, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikwisha: Je, mti wangu umekwisha kunipita urefu? Oddlaug aliandika jibu siku ileile. Barua ilirudi baada ya miezi saba, haikufunguliwa, imepigwa mhuri kwamba mwenyewe hajulikani.

Baada ya hapo, kimya. Hakuja mtu na habari ya kifo, wala hakuja mtu na habari ya uhai. Mama yao aliendelea kuiweka sahani ya Leidulv mezani kila mkesha wa Krismasi mpaka mwaka aliokufa. Oddlaug hakuiendeleza desturi ile ya sahani, maana hakuwa mwanamke wa kujidanganya. Lakini kila kiangazi alipanda Kvamsete, akauweka mkono wake kwenye gome la mti uliotoka mstarini. Alijua kuwa ni mti tu. Hata hivyo, katika yote ambayo mikono ya kaka yake iliyafanya duniani, hilo lilikuwa la pekee analoweza kuligusa. Alikuwa na miaka sabini na mitano sasa, na bado hakuwa amemlilia. Mtu humlilia aliyekwisha kwenda, naye hakuwahi kuambiwa kwamba Leidulv amekwisha kwenda.

Jumamosi alipanda pamoja na Gunnvor, jirani yake na mwenzake wa darasa moja, aliyetembea na fimbo mbili na ulimi ambao haukuhitaji fimbo.

“Begi lako leo limetuna,” alisema Gunnvor. “Umebeba nini?”

“Mawe.”

“Mawe ya malai chachu? Nayanusa kutoka hapa.”

“Una pua ya mbwa.”

“Na wewe una kichwa cha nyumbu. Miaka minne tunakula mikate mikavu kwa ajili yako. Meno yangu yenyewe ya kununua.”

“Malai yako begini, moto hauko. Usinisukume, Gunnvor.”

Gunnvor alizichomeka fimbo zake njiani. Walikwenda hatua kadhaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa sauti yake ya kawaida, “Mimi pia nilimpenda, we. Sema mimi niliolewa.” Akatangulia mbele.

Kvamsete kulikuwa na baridi na jua. Torgeir aliwagawia watu kazi: wenye nguvu kwenye misumeno, waliobaki kwenye reki, wazee na watu wa mjini kwenye miche. Aliwaonyesha majani mapana yaliyolala chini kama nyota iliyokanyagwa. “Hili ni ua la jua,” alisema. “Mwezi wa Julai linatoa ua la manjano. Bibi zetu walililoweka kwenye pombe kali, wakajikandia mafundo ya miguu. Zamani uwanja huu wote ulikuwa wa manjano. Mwaka jana tumehesabu mashina kumi na moja. Linataka jua na linataka kufyekewa, kivuli kinaliua. Kwa hiyo tazameni mnachong'oa. Mkiling'oa hili mtashuka bila viatu.”

Oddlaug alipiga magoti katika uwanja wa nyasi wa mama yake na kuanza kung'oa. Miche ilikuwa ya kimo cha kiganja, ya kijani kibichi, mizuri kwa kweli. Ilitoka ardhini kwa mlio mdogo kama uzi unaokatika. Aling'oa, akaweka kando. Akang'oa, akaweka kando. Mwanamke mmoja wa mjini aliyekuwa karibu naye aliuliza kama haumii magoti. “Yanauma,” alijibu Oddlaug, akaendelea.

Baada ya muda aliona kwamba miche haikutawanyika ovyo. Chini ya uwanja ilikuwa michache na mbalimbali; kadiri alivyopanda ndivyo ilivyosongamana, ikielekea juu na kubanana kama mlango wa kanisa siku ya kipaimara. Hakuhitaji kuinua kichwa ajue inakoelekea. Aliifuata kwa magoti. Mara mbili alikuta shina la ua la jua limezungukwa na miche, majani yake yamekuwa ya njano kwa kukosa mwanga, akaisafisha nafasi ile kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemchambua mtoto chawa. Kufika saa sita alikuwa chini ya matawi ya mti wenyewe.

Aliingia mpaka kwenye shina. Kila kiangazi alisimama upande wa mbele, upande wa jua, akaligusa gome, akaondoka. Safari hii, kwa kuwa tayari alikuwa amepiga magoti, aliinama, akapita chini ya matawi hadi upande wa nyuma, hatua tatu, mahali ambapo mstari ungepita. Palikuwa na giza la mchana. Ardhi ilifunikwa sindano kavu za rangi ya kutu. Hapakuwa na unyasi hata mmoja, hapakuwa na mdudu. Alipapasa kwa kiganja akitafuta kichuguu. Alikipata. Kilikuwa kimesinyaa, kimekauka, na mzizi wa msonobari ulipita juu yake ukiwa mnene kama mkono wa mwanamume.

Alikaa pale, mkono juu ya mzizi.

Sululu hawakuwa wamesikika Kvamsete kwa miaka ishirini. Kila mtu alilijua jambo hilo, naye alilijua. Alilizungumza kila mwaka dukani, kama watu wanavyoizungumza hali ya hewa. Lakini hakuwahi kuliweka jambo hilo mahali pamoja na viganja viwili vilivyovimba. Kaka yake hakutaka mti. Mti alipewa na mwalimu. Alichokitaka yeye mwenyewe, akakilipia kwa ngozi yake, akakificha kwa kivuli chake, kilikuwa nafasi ile ndogo ya nyasi. Na mti umeimaliza. Naye Oddlaug, aliyekuwa shahidi pekee, ameulinda mti.

Alitoka nje, sindano kavu zikiwa zimeganda kwenye nywele zake. Alilitwaa begi lake, akaenda mpaka kwenye mawe ya jiko la zamani mbele ya kibanda, akavunja vijiti vikavu, akakoka moto.

Kwanza Gunnvor aliuona moshi. Kisha reki moja ikasimama, na ya pili. Misumeno ilinyamaza mmoja baada ya mwingine. Watu wa mjini waliuliza kuna nini, wakaambiwa wanyamaze. Oddlaug alimimina malai sufuriani, akayachemsha, akatia unga akikoroga mpaka mafuta yakapanda juu na kung'aa, akayaengua mafuta yale na kuyaweka kando, akatia maziwa. Hakuinua macho. Uji ulipoiva aliumimina katika mabakuli, akaurudishia mafuta, akanyunyiza sukari na mdalasini, na bakuli la kwanza akampa Torgeir.

Torgeir alilipokea kwa mikono miwili. “Una hakika, dada?”

“Kula kabla haujapoa.”

“Baba aliuvika huu mlima, mimi nauvua. Nikifika huko aliko sijui tutatazamanaje.”

“Atakuchapa mbili viganjani,” alisema Oddlaug. “Si nyingi. Zinavumilika.”

Gunnvor alicheka peke yake, kwa sauti kubwa, kisha akaanza kupenga kamasi, akasingizia moshi.

Walikula wakiwa wamekaa juu ya magogo. Nyama kavu ilipita kutoka mkono hadi mkono. Walipomaliza, Oddlaug alimwomba Torgeir aukate yeye mwenyewe, wala asimpe mtu mwingine, naye aliitikia kwa kichwa. Watu walirudishwa nyuma. Msumeno ulianza kulia. Oddlaug alisimama pamoja na Gunnvor kwenye ukuta wa kibanda. Alitegemea kwamba angefumba macho, lakini hakufumba. Mti ulisita, ukatetemeka kileleni, ukaanguka kwa upande wa juu, mbali na uwanja wa nyasi, na ardhi ikapiga kishindo kilichoingia miguuni. Hapakuwa na aliyepiga makofi, hata wa mjini.

Mchana ukaenda katika kukata matawi na kuyaburura. Misonobari mingine thelathini na tisa ikaufuata ule wa kwanza, mmoja mmoja, na jua la alasiri likaingia mahali ambapo halikuwa limeingia tangu Oddlaug alipokuwa msichana. Saa kumi Torgeir alitangaza kwamba yatosha. Watu walikusanya vifaa, wakaanza kushuka.

Oddlaug alisema angewafuata. Aliupanda mwinuko polepole hadi kwenye kisiki. Ndipo alipoliona tawi.

Msonobari wa aina ile ukikatwa chini ya tawi lake la mwisho, umekufa, hauchipui tena. Lakini likibaki tawi moja tu la kijani kwenye kisiki, tawi hilo hujiinua lenyewe, mwaka hata mwaka, hupinda kuelekea juu, na baada ya miaka michache limekuwa mti mpya juu ya mizizi ya zamani. Kila aliyewahi kufanya kazi Kvamsete alilijua hilo. Torgeir ndiye aliyewafundisha, na aliwagombeza watu wazima kwa kulisahau. Kisiki cha Leidulv kilikuwa kirefu kuliko vingine kwa shubiri nzima. Na upande wa uwanja wa nyasi, chini kabisa, palikuwa na tawi moja, bichi, la urefu wa mkono, lisiloguswa na msumeno. Mtu aliyekata miti kwa miaka minne hasahau tawi kama hilo.

Alitazama bondeni. Torgeir alikuwa akishuka na msumeno begani, hatazami nyuma, kwa makusudi kabisa hatazami nyuma.

Oddlaug aliketi juu ya kisiki. Kilikuwa na unyevu, na utomvu ulimshika sketi. Hakuna ambaye angejua. Angesema hakuliona, macho ya miaka sabini na mitano. Lingekua. Yeye asingeishi kuliona likimpita mtu urefu, lakini lingekuwapo, nalo lingekuwa lile lile, mizizi ile ile iliyoshindiliwa na viatu vya mvulana wa miaka kumi na miwili. Alilishika tawi, akalipitisha kiganjani kufuata mlalo wa sindano zake, kama mtu anavyoipapasa shingo ya farasi. Lilikuwa baridi na laini. Na hapo ndipo machozi yaliyochelewa kwa zaidi ya nusu karne yalipomjia, bila ya kwikwi, bila ya sauti, yakashuka tu na kulowesha ukosi wake, naye akayaacha yashuke mpaka yalipokwisha yenyewe.

Kisha alitoa mkasi wa kupogolea mfukoni, akapiga magoti kwa mara ya mwisho siku ile, akalikata tawi likiwa limegusana na gome. Halikukatika kwa mara moja. Ilibidi aushike mkasi kwa mikono miwili.

Hakulichukua. Alilirusha juu ya lundo pamoja na mengine, na mara tu lilipotua hakuweza tena kulitambua ni lipi.

“We Oddlaug!” ilikuja sauti ya Gunnvor kutoka njiani, chini. “Umelala huko? Miguu yangu haina subira!”

“Nakuja!” alijibu.

Lakini hakwenda bado. Upepo wa magharibi ulipanda kutoka ghubani, ukauvuka uwanja wa nyasi, ukapita pale aliposimama bila ya kupata kitu cha kuvumia, ukaenda zake mlimani. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayetazamia kuitwa.